Nilivyotafuta Usingizi

Katika lugha yetu mtu asemapo, "Nina mawazo," hasemi kwamba anafikiri. Asema kwamba anahuzunika. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hushangazwa na jambo hili, maana kwake kuwa na mawazo ni sifa ya mwenye akili. Lakini sisi tuliozaliwa ndani ya lugha twaelewa mara moja, na aghalabu hatuulizi zaidi. Jirani akisema ana mawazo twampa pole, twamwambia mambo yatapita, kisha kila mtu hushika njia yake. Neno hilo ni la heshima, kwa kuwa humwezesha mtu kutaja taabu yake pasipo kuivua nguo mbele za watu. Nami nililitumia kwa miezi mitatu, kwa mama, kwa wenzangu wa kazi na kwa mchungaji, na kila aliyelisikia alidhani amekwisha kuelewa. Nataka kusimulia jinsi nilivyotoka katika neno hilo moja nikayafikia maneno mengine, yenye saa na siku ndani yake, ambayo kwayo daktari aliweza kunitibu.

Mimi ni fundi wa masanduku. Wewe msomaji uliyepata kulala bwenini unalijua sanduku la bati: lina komeo la kutilia kufuli, lina vishikio viwili, na mfuniko wake hulia usiku mtu akitafuta sukari kwa siri. Masanduku mengi ya namna hiyo hutengenezwa Kamukunji, Nairobi, mahali pa mafundi wa Jua Kali, karibu na mtaa wa Shauri Moyo. Hapo mlio wa nyundo haukomi tangu asubuhi hata magharibi. Kwetu ni Ofafa Maringo, nami huenda kazini kwa miguu kwa kufuata Barabara ya Jogoo. Waliotoa majina ya mitaa yetu ya mashariki mwa jiji walikuwa na dhihaka yao: kuna Bahati, kuna Starehe, kuna Maringo, kuna Shauri Moyo. Mitaa mingine ina majina ya marehemu. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, na Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952. Hivyo mtu huweza kukaa Maringo na kufanya kazi kando ya Shauri Moyo, ilhali hana maringo, wala hana wa kushauriana naye ila moyo wake.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kazi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Mtihani wa KCPE ulifanywa mwaka huo kwa mara ya mwisho, na wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari 2024 walikuwa kundi la mwisho katika njia ya zamani ya 8-4-4. Sisi mafundi tulijua maana yake: Januari ya 2025 ingekuja bila kidato cha kwanza. Kila mtu alitaka kuvuna kabla ya mwaka wa njaa. Nami nilianza kufanya kazi hata usiku, nikipima na kukata na kukunja. Mwanzo nililala muda wa saa tano, baadaye saa tatu, kisha saa mbili, na kuna siku ambazo sikulala kabisa.

Wala sikuchoka. Hili ndilo la ajabu, nami naomba msomaji asilipite upesi. Mtu aliyenyimwa usingizi na kelele au na kazi huamka mwili umemlemea. Mimi niliinuka kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Fikira zilikwenda mbio, moja haijakamilika nyingine imekwisha ingia, nazo zote zilionekana kuwa njema. Nilisema kwa haraka hata wateja wakaniomba nirudie. Nilitoa akiba yangu yote nikanunua mabati ya kazi ya mwaka mzima, na kila aliyeuliza nilimwonyesha hesabu niliyoiandika kwa chaki ukutani. Mara nilicheka, mara nilighadhibika kwa sababu ya msumari uliopotea. Wazee wa pale walinisifu. "Mtazameni kijana huyu," walisema, "mikono yake ina baraka." Hakuna mtu awezaye kudhani kwamba sifa kama hizo zaelekezwa kwa ugonjwa.

Katikati ya Februari nguvu zile ziliondoka, si kwa kupungua siku baada ya siku, bali kama taa iliyozimika umeme ulipokatika. Nilikaa mbele ya bati nisilikate. Chakula kilipoteza ladha. Usiku nililala mapema, lakini saa nane au saa tisa nilikuwa macho tena, nikisikiliza maji yakitiririka katika mfereji wa jirani, na sikulala tena mpaka adhana ya alfajiri. Masika ya mwaka huo yalikuja kwa nguvu. Katika miezi ya Aprili na Mei mito ya Nairobi ilifurika, na watu waliokaa kando ya Mto Mathare walipoteza nyumba, na wengine maisha yao. Watu tuliojuana nao walihama na magodoro kichwani. Mimi nilizipokea habari hizo kama mtu asomaye gazeti la nchi ya mbali. Ndipo yakaja mawazo ambayo si yale ya desturi. Yalikuja bila kuitwa, yakisema kwamba nyumba yetu ingepumua vizuri zaidi kama mimi nisingekuwamo. Sitayaeleza zaidi ya hapo.

Mama aliona. "Baba, una nini?" aliniuliza, akiniita kwa jina la baba yake kama mama zetu wafanyavyo.

"Nina mawazo tu, mama."

Basi msaada ukatafutwa kulingana na jibu hilo. Mama alinipeleka kwenye kesha la maombi, na watu wema walituombea kwa machozi ya kweli. Sidharau sala, hata leo naendelea kusali. Lakini mgonjwa wa kukosa usingizi apelekwapo kukesha mpaka alfajiri, kuna haja ya mtu mmoja katika mkutano kutazama saa. Bibi mmoja wa Kiislamu, rafiki wa mama tangu siku walipokaa Pumwani, alileta kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kusafishwa kwa maji, nikanywa. Alikaa nami alasiri nzima bila kuniuliza neno, na alasiri hiyo ilikuwa nyepesi kuliko nyingine. Kisha nilikwenda katika kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Nilisema kichwa chaniuma na sili. Nikaambiwa nina vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge vyeupe katika karatasi. Mazungumzo yetu hayakuzidi muda wa kuchemsha chai, wala hakuna aliyeniuliza juu ya usingizi.

Aliyeniuliza alikuwa mwanamke wa mtaani kwetu, auzaye mboga asubuhi. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini mikoba yenye vifaa vya kupimia, naye alikuwa mmojawapo. Alikuja kumpima mama shinikizo la damu. Alipokwisha kuifungua ile kanda mkononi mwa mama, alinigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni.

"Kijana wangu, jana ulilala saa ngapi na ukaamka saa ngapi?"

Nilimjibu. Akauliza juu ya juzi, akauliza juu ya mwezi uliopita, kisha akauliza, "Na wakati ule wa masanduku, nilipokuwa nikikuona ukipita alfajiri huku ukiimba, ulikuwa ukilala?" Nilimwambia kwamba sikuwa nikilala. Alinyamaza kidogo, halafu akamwambia mama kwa sauti ya chini, kwa heshima kubwa, "Dada, kijana huyu apelekwe Mathari."

Katika mitaa ya Eastlands neno hilo hutumiwa kama tusi. Watoto wakigombana katika kiwanja, mmoja humwambia mwenziwe kwamba ametoroka Mathari, na mchezo huvunjika. Mama aliweka mkono kinywani. Ilipita siku nne kabla hajalitaja jambo hilo tena, naye alipolitaja alisema, "Twende Muthaiga," kana kwamba hospitali haina jina ila la mahali matatu isimamapo. Tulipanda gari mpaka mjini, tukapanda jingine la Barabara ya Thika, na mama akamwambia makanga atushushe Muthaiga. Kijana yule alitutazama, kisha akasema kwa upole kwamba atatushusha langoni hasa, maana mvua ilikuwa yanyesha.

Baadaye, nilipopata nafuu, nilisoma habari za hospitali hiyo, na nadhani wanafunzi wapaswa kuzijua. Ilianza mwaka 1910 katika majumba yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikaitwa Nyumba ya Wenda Wazimu ya Nairobi. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Siku za ukoloni Mzungu, Mhindi na Mwafrika hawakulazwa pamoja. Tangu mwaka 1938 hata 1950 msimamizi wake alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alieleza kwamba huzuni iliyo ugonjwa ni jambo la nadra kwa Mwafrika, akaufananisha mwenendo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Maneno hayo yalisomwa na kuheshimiwa na wengi duniani. Lakini fikiri, msomaji, ni nani aliyepelekwa Mathari siku zile? Aghalabu ni yule aliyevunja vitu sokoni au kuokotwa na polisi. Mwenye huzuni hakuvunja kitu. Alikaa nyumbani gizani, na akiulizwa, alisema ana mawazo. Daktari hakumwona, akaandika kwamba hayupo.

Baada ya miaka mingi watu walikwenda kumtafuta kwake. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda, wakilinganisha na wanawake wa Camberwell, London. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakauliza maswali yale yale kwa utaratibu, wakaona kwamba huzuni ya kiugonjwa ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vile kuliko huko London. Tofauti haikuwa katika ubongo wa watu, ilikuwa katika kuulizwa.

Nirudi kwenye siku yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kuona minyororo. Niliona mabenchi, na juu ya mabenchi watu waliokuja kutibiwa na kurudi kwao siku hiyo hiyo: mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari, mama mwenye mtoto mchanga, mzee wa koti zuri, msichana aliyeandamana na shangazi yake. Kama wangehamishwa wote pamoja na mabenchi yao wakawekwa katika benki ya mjini, hakuna ambaye angegeuza kichwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Nilisema neno langu la siku zote, naye akalipokea kwa kuinamisha kichwa, kisha hakuliacha hapo. Aliuliza mawazo hayo yalianza mwezi gani. Aliuliza ninakula mara ngapi, na kama ninatumia miraa au bangi, maana vyote viwili huweza kuvuruga usingizi na kuamsha maradhi ya namna hii, nikamwambia situmii. Kisha alirudi nyuma.

"Mwezi wa Januari ulikuwa ukilala muda gani?"

"Muda wa saa mbili, Daktari. Pengine tatu."

"Na mchana ulichoka?"

"La. Sikuchoka hata kidogo."

Aliweka kalamu chini. Akauliza juu ya fedha, nikamweleza yale mabati. Akauliza juu ya maneno ya haraka na ghadhabu ya ghafula. Mambo ambayo mimi niliyaona kuwa siku zangu njema ndiyo aliyoyaandika kwa urefu zaidi. Alinieleza sababu, nami naiandika hapa kwa kuwa ina faida. Kuna maradhi ya huzuni peke yake, na kuna maradhi ambayo hisia hupanda mno kisha zikashuka mno, ambayo wengi huyaita baipola. Mgonjwa humwendea daktari wakati wa kushuka, kwa sababu ndipo aumwapo; wakati wa kupanda hajioni kuwa mgonjwa. Daktari akisikia huzuni tu, huweza kumpa dawa ya kuinua moyo, na dawa hiyo ikitumiwa peke yake kwa mtu wa namna ya pili huweza kumpandisha tena, pengine juu zaidi ya kwanza. Basi zile siku za sifa zilikuwa nusu ya ugonjwa, na bila kuzitaja ningalitibiwa ugonjwa mwingine.

Aliuliza pia kama katika ukoo wetu alipata kuwako mtu wa hali hiyo. Nilisema hayupo. Mama, aliyekuwa kimya muda wote, alikohoa. "Alikuwako mjomba wangu," alisema, akitazama mkoba wake. "Alikuwa mwimbaji. Kila baada ya miaka michache aliondoka nyumbani usiku na kutembea mpaka mji mwingine, akigawa vitu vyake njiani. Akirudi, alilala mwezi mzima ameelekea ukuta. Sisi watoto tuliambiwa amerogwa, na kwamba tusimtaje." Nilikuwa na miaka 22, wala sikuwa nimesikia jina la babu huyo. Daktari alisema kwamba ugonjwa huu mara nyingi hufuata ukoo, na kwamba aghalabu huanza katika ujana au miaka ya ishirini. Kisha akamshukuru mama kama mtu aliyeleta dawa kutoka mbali.

Halafu akaniuliza lile swali nililokuwa nikilikwepa. "Je, umepata kufikiri kujitoa uhai?"

Nilitazama mlango. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilikuwa bado kikihesabu jaribio la namna hiyo kuwa kosa, na sheria iliruhusu mtu kufungwa kwalo. Mtaani kila mtu alijua hivyo, na hata asiyejua nambari ya kifungu alijua njia ya kwenda kituo cha polisi. Daktari alielewa mlango nilioutazama. "Hapa hapana polisi," alisema. "Nimekuuliza nipate kujua jinsi ya kukulinda." Nikajibu. Watu wengi huogopa kumwuliza mtu swali hilo, wakidhani litampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umeonyesha kwamba sivyo, na mimi naweza kushuhudia kwamba wazo lililokuwa likinisemesha usiku lilipungua sauti lilipoulizwa mchana na mtu aliyetulia. Ilikubaliwa kwamba nisilale peke yangu kwa majuma kadhaa, na kwamba dawa zote zikae kwa mama.

Sitakitaja kidonge nilichopewa, kwa maana dawa ya mtu si ya jirani yake. Nitataja iliyo mashuhuri kwa historia. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika kwamba chumvi ya lithiamu ilikuwa imewatuliza wagonjwa wake waliopandwa na hali hiyo, na hata leo hutumiwa katika nchi nyingi; lakini kipimo chake kikizidi kidogo hudhuru, hivyo damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Dawa yangu nayo ilikuwa na vituko vyake. Nilinenepa, na kwa muda mkono ulitetemeka, jambo lisilo la mzaha kwa mtu ashikaye nyundo. Nilimwambia daktari katika ziara ya pili, akabadili kipimo, na mkono ukatulia. Nafuu haikuja kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Ilikuja kama maji ya mfereji wa baraza mtaani kwetu: leo matone, kesho hakuna, kesho kutwa ndoo nzima.

Pamoja na vidonge alinipa kazi ya kuandika. Kila asubuhi niandike katika daftari saa niliyolala, saa niliyoamka, na hali ya moyo kwa alama, tangu sifuri mpaka kumi. Kazi hii niliipenda. Sisi mafundi wa bati hatukati kabla ya kupima, na ilinifurahisha kuona kwamba hata jambo lisiloshikika kama moyo laweza kupigiwa mstari kwa rula. Baada ya miezi mitatu tuliliangalia daftari pamoja na mshauri wa hospitali, kijana mwenye subira. Alinionyesha kwa kidole kwamba kabla ya kila siku ya alama tisa kulikuwa na usiku mmoja au miwili ya usingizi mfupi. Usingizi uliopungua si dalili tu, huweza kuwa mlango. Tangu siku hiyo nina saa ya kulala kama mtoto, na sioni haya. Chai ya rangi siinywi baada ya alasiri.

Mshauri huyo ndiye aliyenisimulia habari ya Harare, nchini Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi katika mtaa wa Mbare, ambao kwa maelezo yake haupishani sana na mitaa yetu, wala hakuwa na madaktari wa kutosha. Aliwafundisha mabibi 14 wa mtaa huo kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza kwa utaratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Nacho kilichonivutia zaidi ni neno. Washona huiita taabu hiyo kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Nao pia wana mawazo! Tofauti ni kwamba bibi wa benchini akilisikia neno hilo halifanyi kuwa mwisho wa mazungumzo. Nilimkumbuka bibi wa kombe na alasiri yake.

Mambo mengine nayo yalisogea. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalikuwa yamekwisha kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hii karibu na watu. Mwezi wa Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 chapingana na Katiba. Nilisikia habari hiyo katika redio ya jirani yangu wa kazi, nikaiweka nyundo chini. Jirani aliniuliza kulikoni. Nilimweleza, si kwa neno moja, bali tangu Desemba ya masanduku mpaka siku hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba dada yake halali tangu alipojifungua, na akaniuliza matatu ya Muthaiga hupandiwa wapi.

Wanafunzi huniuliza wanapokuja kununua masanduku, maana siku hizi sifichi. Huwauliza kwanza wanalala saa ngapi. Aliye shuleni humwambia mwalimu anayemwamini au mwuguzi wa shule, na amweleze kwa siku na kwa saa, si kwa neno mawazo peke yake. Asiyeweza kusema na mtu wa karibu aweza kupiga simu ya bure, nambari 116, ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na ikiwa mwenzako akuambia kwamba anafikiri kujiua, usimwachie peke yake ahadi ya siri. Mtafute mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama atakununia.

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walikwenda shule, na baada ya mwaka uliokosa kidato cha kwanza wateja walijaa tena Kamukunji. Jirani yangu alivuta waya, akawasha taa, akafanya kazi usiku. Mimi nilifunga kazi saa kumi na moja na nusu, nikaacha masanduku matatu hayajatiwa komeo, na mwenye nayo akaondoka amekasirika. Nilitembea na wengine kwenye Barabara ya Jogoo mpaka Maringo. Mama alikuwa ameweka vidonge juu ya kabati, kando ya daftari la nne. Asubuhi yake niliandika: nimelala saa nne usiku, nimeamka saa kumi na moja na nusu, moyo, sita.